Barua ya Kila Mwezi Kutoka Augusta, na Namna ya Kuisoma

Ukiwa unaishi Lewiston au Portland, katika jimbo la Maine huko Marekani, na umewahi kuandika anwani yako kwenye karatasi ya mwakilishi wakati wa kampeni, basi mara moja kwa mwezi hukufikia barua pepe yenye picha ya jengo lenye kuba, lile la Bunge la jimbo huko Augusta, mji mkuu wake, na jina la mtu ambaye pengine hujawahi kumpa mkono. Inasema amewasilisha muswada fulani, ameunga mkono mwingine, wa tatu umetoka kamatini, na kwamba Jumamosi atakuwa maktabani asubuhi kunywa kahawa na yeyote atakayefika. Chini kabisa kuna namba ya simu. Watu wengi huifuta kabla hawajafika kwenye hiyo namba. Wengine huisoma hadi mwisho na kutoka na jambo lisilo kweli: kwamba sheria imeshapita, kumbe haijafika hata nusu ya safari.

Kuisoma vibaya kuna gharama. Chukua mama aliyesikia kwa jirani mwaka 2023 kwamba "likizo ya uzazi yenye malipo imepita." Angekwenda kuidai mwaka huohuo angerudi mikono mitupu, wala mwajiri wake asingekuwa amemdhulumu. Sheria ilikuwa imepita kweli. Malipo yake yalikuwa bado karibu miaka mitatu mbele. Nitairudia habari hiyo, maana ndani yake mna somo lote.

Lakini kwanza, anayeandika ni nani? Hapa Kiswahili chetu wenyewe kinatukoroga. Mtanzania akisikia "mbunge wa jimbo" hufikiria jimbo la uchaguzi, kama Ubungo, na mtu anayepanda basi kwenda Dodoma. Mkenya eneo kama hilo huliita eneo bunge. Kwa Mkongomani wa Bukavu au Lubumbashi, jimbo ni mkoa mzima wenye gavana wake na bunge lake, na tangu zamani anajua kwamba mbunge wa jimbo si yule wa taifa aliyeko Kinshasa. Katika hili Mkongomani ndiye aliye karibu zaidi na mambo ya Marekani. Mtanzania naye ana mfano mzuri Zanzibar: mjumbe wa Baraza la Wawakilishi hutunga sheria za Visiwani katika mambo yasiyo ya Muungano, na yaliyo ya Muungano huyaacha kwa bunge la Dodoma. Mifano hii hailingani sawasawa, lakini inatosha kukuonyesha mahali pa kumweka mtu wa Augusta. Hutunga sheria za Maine. Uhamiaji, viza, jeshi na mahakama za hifadhi viko Washington, mikononi mwa watu wengine kabisa. Nitamwita mwakilishi, tusichanganyikiwe.

Bunge la Maine lina wawakilishi 151 na maseneta 35, wote wanachaguliwa kila baada ya miaka miwili, na hakuna anayeruhusiwa kupita vipindi vinne mfululizo katika baraza moja. Sensa ya mwaka 2020 iliwahesabu watu 1,362,359 jimboni. Gawanya kwa 151, kila mwakilishi anabaki na watu kama 9,000. Mwenzake wa baraza la chini huko California ana karibu nusu milioni. Watu 9,000 ni wachache kuliko kata nyingi za Dar es Salaam, na ndiyo sababu ile namba ya simu chini ya barua ina uzito. Wawakilishi wa Maine hawana ofisi za wilayani wala wasaidizi wao binafsi. Wafanyakazi ni wa chama pale bungeni na hugawana kazi ya wengi. Wengi wana kazi nyingine ya kuwalisha, au ni wastaafu. Ukipiga, huenda akapokea mwenyewe akiwa jikoni kwake.

Kuna jambo la kusema waziwazi, kwa sababu limewavunja moyo wazee wengi bila sababu. Nyumbani mbunge huchangia harambee, hulipa ada za watoto, huleta mabati ya zahanati. Kenya kumekuwa na fedha za NG-CDF, yaani mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, Tanzania kuna mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo. Mwakilishi wa Maine hana mfuko kama huo hata kidogo. Ukimwomba mchango wa msiba atakupa pole, na hiyo pole ndiyo yote aliyo nayo. Asidhaniwe mchoyo. Anachoweza kufanya ni kufuatilia. Faili lako la mafao ya kukosa kazi likikwama, au barua ya idara ya afya na huduma za jamii ikikataa bima ya mtoto bila maelezo, yeye huandika idarani kukuulizia, na idara za jimbo hujibu maswali ya wabunge. Kazi hiyo haimo katika sheria yoyote inayosifiwa kwenye barua, lakini kwa familia iliyokwama ndiyo msaada wa haraka kuliko wote.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe. Kila muswada Augusta hupewa namba yenye herufi LD mbele yake, na katika kipindi cha miaka miwili namba hizo huvuka 2,000. Shika namba. Jina la muswada linaweza kurekebishwa njiani, namba haitikisiki, na ukiiandika kwenye tovuti ya Bunge utaona kila hatua, kila kura na ushahidi wote uliotolewa.

Barua ikisema "nimewasilisha muswada," maana yake wazo la mwakilishi limeandikwa kisheria na wataalamu wa Bunge na kupewa namba. Basi. Mingine huwasilishwa ikiwa na mistari michache ya nia tu, vifungu vikingojewa baadaye. Ikisema amekuwa "mwenza" wa muswada, ametia saini chini ya jina la mwenziwe. Saini hizo zina maana, hasa zikitoka vyama viwili, lakini hakuna hatua iliyo nyepesi kuliko hiyo.

Neno lenye uzito linafuata: muswada "umesikilizwa." Kwa utaratibu wa Maine karibu kila muswada, hata ule wa mwakilishi mgeni asiyejulikana, hupewa siku ya kusikiliza wananchi. Si mabunge yote ya Marekani yako hivyo. Mengine mwenyekiti wa kamati akiamua kuuacha muswada kabatini, unaozea humo. Halafu Augusta kamati ni za pamoja: kwa kawaida maseneta 3 na wawakilishi 10 huketi meza moja, kwa hiyo huendi kusema mara mbili kwa mabaraza mawili. Mwenye muswada huanza, wanaounga mkono wakafuata, kisha wanaopinga, kisha wasioegemea upande wowote. Tangu janga la Covid unaweza kusema ukiwa nyumbani kwa njia ya video, au kutuma maandishi tu.

Baada ya siku kadhaa huja kikao cha kazi. Wananchi wanaruhusiwa kukaa na kutazama, lakini hawasemi mpaka waulizwe. Hapa ndipo muswada hukatwakatwa, kuongezwa, kuunganishwa na mwingine, au kuwekwa kiporo hadi mkutano wa mwaka ujao. Kamati hupiga kura na kutoa neno lake: inafaa upite, inafaa upite na marekebisho, au haifai upite. Ukiona kwenye barua herufi ONTP, yaani hiyo "haifai upite," na wajumbe wote wamekubaliana, huo umekufa, hata kama mwakilishi ameongeza sentensi tamu kwamba mjadala ulikuwa wa maana. Ukiona kamati imegawanyika saba kwa sita, jua vita inahamia ukumbini.

Ukumbini lazima mabaraza yote mawili yakubaliane kwa maneno yaleyale. Yakishikana mashati na kila moja likabaki na lake, muswada hufia katikati, na rekodi huandika hivyo.

Halafu kuna meza. Ningeomba kila msomaji akumbuke neno hili kuliko mengine yote. Muswada wenye gharama, hata ukipitishwa na mabaraza mawili, haupelekwi kwa gavana moja kwa moja. Huwekwa kwenye meza maalumu ya matumizi katika Seneti, pamoja na mingine yote inayotaka fedha, kungoja kamati ya bajeti ione kilichobaki. Mwisho wa mkutano fedha hupatikana kwa michache na mingine mingi hufia hapo mezani. Kwa hiyo mwakilishi anaweza kuandika mwezi Juni, bila kudanganya hata herufi moja, kwamba muswada wake "umepitishwa na Baraza la Wawakilishi na Seneti," na mwezi Agosti usiwepo duniani. Hapo ulizia: je, una gharama? Je, umetoka mezani?

Ukifika kwa gavana ana siku kumi. Anaweza kusaini, anaweza kuuacha uwe sheria bila saini yake, au kuupinga, na akiupinga hurudi bungeni ambako unahitaji theluthi mbili ya waliopiga kura katika kila baraza ili kumshinda.

Hata baada ya saini, sheria haianzi kesho yake. Maine sheria ya kawaida huanza siku 90 baada ya mkutano wa Bunge ulioipitisha kufungwa, na siku hizo zina sababu ninayoiheshimu sana: katiba ya jimbo imewaachia wananchi muda wa kukusanya saini na kuipeleka sheria kwenye kura ya watu wote. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha sheria ya kuondoa ruhusa ya wazazi kukataa chanjo za shule kwa sababu za dini au falsafa. Waliopinga wakakusanya saini, sheria ikasimamishwa ikingoja kura, na Machi 2020 wapiga kura wakaithibitisha kwa zaidi ya asilimia 70. Familia zilizokuwa zikisoma barua za mwezi zilijua kwamba ilikuwa imesimamishwa. Waliotegemea uvumi wa msikitini na kanisani walikuwa wakibishana juu ya sheria ambayo bado haijaanza. Njia ya mkato ni kuuita muswada wa dharura, uanze mara gavana anapotia saini, lakini hapo wanatakiwa wawakilishi 101 na maseneta 24, ambao ni theluthi mbili ya wote waliochaguliwa, si ya waliohudhuria tu.

Hesabu hiyo ya siku 90 ndiyo inayofungua fumbo jingine ambalo huwachanganya hata waliozaliwa huko. Mwaka wa fedha wa jimbo huanza tarehe 1 Julai. Bajeti isiyo na theluthi mbili inahitaji siku zake 90, na kurudi nyuma kutoka Julai kunakufikisha mwisho wa Machi. Ndiyo maana Machi 2023 wabunge wa chama chenye wingi walipitisha bajeti kwa wingi wa kawaida, wakaufunga mkutano, na siku chache baadaye gavana akawaita tena kwa mkutano maalumu kuendelea na miswada iliyobaki. Aliyesoma barua ya Aprili akaona "Bunge limefungwa" na mstari wa chini yake "tumerudi Augusta" alidhani mwandishi amekosea.

Tumrudie yule mama na likizo yake. Mwaka 2021 Bunge liliunda tume ya kutafuta namna ya kuwapa wafanyakazi wa Maine likizo yenye malipo: mtoto anapozaliwa, mtu anapougua, mzazi anapohitaji kuuguzwa. Wenyeviti wake wawili walikuwa Seneta Mattie Daughtry na Kristen Cloutier, wakati huo mwakilishi wa Lewiston. Katika barua za mwaka huo habari ingekuwa na neno moja tu, "tume," nalo halimsisimui mtu. Mwaka 2023 wazo likawa muswada, LD 1964, ukasikilizwa, ukafanyiwa kazi, ukapigiwa kura. Wakati huohuo watetezi walikuwa wakikusanya saini za kuupeleka kwa wapiga kura endapo Bunge lingesita. Mwishowe haukusafiri peke yake: uliingizwa ndani ya bajeti ya nyongeza, ukiwa na dola milioni 25 za kuanzia, na gavana akaisaini Julai 2023. Aliyekuwa akifuatilia namba ya LD bila kufuatilia bajeti angeweza kudhani umepotea.

Ikapita mwaka mmoja na nusu bila lolote kuonekana mfukoni. Januari 2025 makato yakaanza: asilimia moja ya mshahara, ambayo mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi anaruhusiwa kumkata mfanyakazi nusu yake. Najua watu walioiona namba hiyo ndogo mpya kwenye hati ya mshahara wakaamini kuna mtu ofisini anawaibia. Ile nusu asilimia ilikuwa imeandikwa kwenye barua za mwakilishi tangu 2023, zilizofutwa bila kufunguliwa. Malipo yenyewe yalipangiwa kuanza tarehe 1 Mei 2026, hadi wiki 12 kwa mwaka. Miaka mitano kutoka neno "tume" hadi hundi ya kwanza. Ukiona neno hilo tena kwenye barua, likihusu nyumba za kupanga au mishahara ya walezi wa wazee, usiliruke.

Kuna mambo ambayo hayatakuwamo kamwe kama ahadi, na mwandishi mwaminifu hukwambia hivyo. Kubwa ni kibali cha kazi. Juni 2019 mamia ya waomba hifadhi, wengi kutoka Kongo na Angola, walifika Portland ndani ya muda mfupi, wakalala kwenye vitanda vya kukunja katika ukumbi wa michezo wa Expo. Mwaka 2023 ukumbi huohuo ukafunguliwa tena kwa wageni wengine. Kila mara swali lilikuwa lilelile: tuna mikono na nguvu, mbona haturuhusiwi kufanya kazi? Jibu liko katika sheria ya Bunge la Marekani ya mwaka 1996, inayokataza kibali kutolewa kabla siku 180 hazijapita tangu ombi la hifadhi lipokelewe. Mwakilishi wa Maine anaweza kuandika Washington, anaweza kupitisha azimio la kuomba. Hawezi kuifuta hata siku moja kati ya hizo.

Upande wa pili ni manispaa. Msaada wa kodi ya nyumba na chakula kwa mtu asiye na kitu hutolewa kwenye ofisi za mji, lakini kanuni zake hutungwa Augusta, na kwa miaka mingi jimbo limekuwa likiurudishia mji asilimia 70 ya ulichotoa. Asilimia 30 iliyobaki hutoka kwenye kodi za majengo za wenyeji, na hapo ndipo chanzo cha maneno makali unayoyasikia kwenye vikao vya madiwani. Barua ikitaja muswada wa kubadilisha asilimia hizo au kuweka ukomo wa miezi, huo si wa kuusoma haraka.

Sehemu ya mwisho ya barua, ile ya picha za mwakilishi akiwa shuleni au akishika trei ya sambusa kwenye sherehe ya Eid, watu huiona kama pambo. Mimi huanza kuisoma hapo. Ndipo penye tarehe: asubuhi ya kahawa maktabani, mkutano wa wazi wa mtaa, siku ya kusikiliza LD fulani. Nenda kwenye kahawa hata kama Kiingereza chako ni cha kuokoteza, na ukiweza mchukue kijana wako wa sekondari akutafsirie, naye atajifunza zaidi kuliko wewe. Novemba 2022 wilaya moja ya Lewiston ilimchagua Mana Abdi, na South Portland ikamchagua Deqa Dhalac, wanawake wawili wenye asili ya Somalia, wa kwanza wa asili hiyo katika Bunge la Maine. Dhalac alikuwa ameshakuwa diwani na meya kabla ya hapo. Njia yake ilianzia kwenye vikao vya mjini, vilevile vinavyotajwa chini ya barua.

Wala huhitaji uraia ili usikilizwe na kamati. Kura inahitaji uraia; ushahidi hauhitaji. Mwomba hifadhi, mwanafunzi, bibi asiye na cheti chochote, wote wana dakika zao mbele ya meza ile, kwa kawaida tatu. Ila ushahidi ni kumbukumbu ya umma. Jina lako, mji wako na maneno yako hubaki kwenye tovuti ya Bunge, na video yake pia. Mwenye kesi ya hifadhi iliyo wazi azungumze kwanza na wakili wake, na asimulie kuhusu kodi ya nyumba au shule ya mtoto bila kueleza habari za kukimbia kwake, njia aliyopita, au ndugu waliobaki nyuma.

Ukishaamua kusema, kuna mpangilio wanaoutarajia. Unawasalimia wenyeviti wawili kwa vyeo na majina, seneta kwanza kisha mwakilishi, halafu wajumbe. Unataja jina lako na mji unaoishi. Unataja namba ya LD na kama unaunga mkono au unapinga. Kisha unaeleza jambo moja lililokupata, na kifungu gani cha muswada kingelibadilisha. Andika ukurasa mmoja, uusome nyumbani kwa sauti huku mtu akishika saa. Kama unamtaka mkalimani, mwandikie karani wa kamati siku kadhaa kabla, usingoje asubuhi ya kikao. Na ukimaliza usiinuke. Mwenyekiti atawauliza wajumbe kama wana maswali, na huyo mjumbe wa mwisho mezani, ambaye hakuwa ameinua kichwa muda wote ulipokuwa ukisoma, anaweza kuwa ndiye anayetaka kujua zaidi juu ya ile kodi ya nyumba uliyoitaja.